Salamabila: sura za wakubwa zimejaa ukutani, za wakaaji ziko wapi?

SALAMABILA, Kabambare. – Mtu akiingia katika ofisi ya serikali ataona picha moja ukutani: ya Rais wa Jamhuri. Akiingia kwa mfanyabiashara ataona kalenda. Akiingia kanisani ataona Yesu mwenye nywele ndefu, aliyechapishwa mbali na kuletwa ndani ya sanduku. Sasa na aingie kwa mama mjane ambaye mume wake alifunikwa na udongo katika shimo la dhahabu. Aulize huyo baba alikuwa na sura gani. Mara nyingi ataoneshwa karti ya mchaguzi ambayo uso umeshafutika, ao hataoneshwa kitu.

Hiyo ni aibu, na haitokani na umaskini peke yake. Dhahabu ya Namoya inachimbwa tangu wakati wa Wabelgiji. Jina la Namoya lilisomwa hadi katika soko la hisa la Toronto, kule Canada, wakati wa kampuni ya Banro. Lakini watu walioitoa dhahabu hiyo ardhini wanazaliwa, wanafanya kazi na kuzikwa bila mtu kushika burashi ili uso wao ubaki.

Wapenda sanaa wa mijini wamezoea kuuliza namna gani raia wafundishwe kupenda uchoraji wa sura za watu. Swali hilo limekaa vibaya. Raia hawakuikataa sanaa hiyo. Sanaa ndiyo iliyowaacha raia, ikapanda ndege kwenda Ulaya. Kinachotakiwa ni kuirudisha nyumbani, na ushahidi kwamba inawezekana uko hapa hapa Kongo, tena katika lugha hii hii ya Kiswahili.

Lubumbashi ilifanya

Miaka ya 1960 na 1970, katika kartie za wafanyakazi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, michoro ilikuwa kitu cha kawaida katika saloni ya nyumba. Wanunuzi hawakuwa matajiri. Walikuwa wafanyakazi wa mgodi, makarani, walimu na wenye maduka madogo. Mchoraji alichora juu ya kitambaa cha gunia la unga kilichowambwa kwenye fremu ya mbao, akaibeba kazi yake mkononi na kuitembeza mlango kwa mlango. Bei ilisemwa pale mlangoni, kwa Kiswahili, kama bei ya samaki.

Watu walinunua nini? Walinunua Mamba Muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki. Walinunua picha za koloni ya Wabelgiji, mfungwa akipigwa fimbo mbele ya bendera. Na walinunua sura ya Patrice Lumumba. Walipoulizwa sababu, walijibu kwa neno moja ambalo kila mtu wa Maniema analielewa: ukumbusho. Picha iliwekwa ukutani ili mgeni akiingia aulize, na mwenye nyumba apate nafasi ya kueleza.

Mchoraji aliyejulikana zaidi kati yao ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Kati ya 1973 na 1974 alimchorea mwalimu wa chuo kikuu, Johannes Fabian, historia nzima ya nchi, tangu wankambo hadi Mobutu, katika michoro 101. Kila mchoro aliueleza kwa Kiswahili cha Katanga, na maneno yake yakarekodiwa. Leo michoro hiyo iko Amsterdam. Mwaka 1996 ilitoka katika kitabu kikubwa, kwa Kiingereza. Tshibumba mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ndugu na marafiki hawakumwona tena.

Historia hiyo ina mafundisho mawili. La kwanza: raia wa Kongo, mwenye mshahara mdogo, alinunua uchoraji kwa franga zake bila kusukumwa na mtu. La pili: mishahara ya mgodi ilipoanguka na soko kufa, kazi ilibaki mikononi mwa wageni waliokuwa na pesa za kuinunua. Kinshasa pia ilipita njia hiyo. Chéri Samba alianza akiandika vibao vya maduka, akafungua karakana yake mwaka 1975, na mwaka 1989 kazi zake zilitundikwa Paris katika jumba la Pompidou. Heshima kwake, ameinua jina la nchi. Lakini ni wangapi katika Kabambare wamewahi kusimama mbele ya mchoro wake mmoja? Mtoto wa Salamabila anayetaka kuona uchoraji wa nchi yake anahitaji pasipoti na viza.

Sura moja kwa watu wote

Kuna sababu nyingine ambayo wengi wanaiogopa. Nchi hii imezoeshwa kuamini kwamba sura inayostahili ukuta ni ya mkubwa tu. Tangu 1965 hadi 1997 sura ya Mobutu ilikuwa katika ofisi, katika masomo na juu ya noti. Katika televisheni, kabla ya habari za jioni, uso wake ulitokea katikati ya mawingu kama wa Mungu. Mobutu alikwenda, lakini mazoea yamebaki. Desemba 2023, wakati wa uchaguzi, kuta za nchi zilijaa nyuso za wagombea. Mvua imeshazila, na wengine kati yao hawajarudi hata kusalimia.

Mchimbaji wa Salamabila naye yuko kwenye picha ya serikali, ila bila jina. Noti ya franga 500 ina watu wanaochimba na kuchekecha almasi. Kila siku noti hiyo inapita mikononi mwa watu wenye kazi kama yao. Hakuna anayejua wale ni nani. Hivyo ndivyo nchi inavyomwona mchimbaji: mgongo ulioinama, beleshi, na hakuna uso.

Na mashirika ya misaada yamefuata njia hiyo hiyo. Barabarani kuna kibao kwa kila kisima, kila choo, kila darasa. Kijana mwenye mkono mzuri analipwa kuandika herufi na nembo ya mfadhili, na anaifanya vizuri, pembe zote zimenyooka. Lakini mama aliyezalisha nusu ya kartie usiku bila taa, huyo hana kibao wala sura. Nembo ya mtu wa mbali imechorwa kwa uangalifu kuliko uso wa mtu yeyote wa mji.

«Simu inatosha»

Wapinzani wa kwanza ni wale wanaosema kwamba siku hizi kila mtu ana simu, picha ziko humo, uchoraji ni kazi ya zamani. Wajibiwe kwa mambo yaliyotokea. Miaka ya vita vya karibuni, watu wa Salamabila na vijiji vya jirani walikimbia, wakarudi, wakakimbia tena. Simu ngapi zilinyang'anywa njiani? Ngapi zilianguka mtoni, ngapi ziliuzwa kwa ajili ya dawa ya mtoto? Picha zilizokuwamo zilikwenda pamoja nazo. Hata picha za karatasi zililoa, zikashikana na kuchunika.

Na karti ya mchaguzi, ambayo kwa wengi ndiyo picha pekee waliyopigwa maisha yao yote, hali yake inajulikana nchi nzima. Karti nyingi za uandikishaji wa 2022-2023 zilianza kufutika baada ya miezi. Uso uligeuka kivuli, kivuli kikageuka plastiki nyeupe. Mtu aliyekufa baada ya hapo ameondoka mara mbili.

Rangi ya mafuta iliyokauka vizuri juu ya ubao haihitaji moto wa umeme wala megabaiti. Ikihifadhiwa mbali na mvua na jua kali, mjukuu ataiona. Ikiwa familia ni ya kukimbia-kimbia, kitambaa kinakunjwa na kufungwa ndani ya kikwembe. Simu si adui wa mchoraji, bali ni msaidizi wake: picha ipigwe leo, wakati mtu yu hai, na mchoraji aifanyie kazi kabla simu haijaibiwa.

Tena kuna kitu ambacho mashine haifanyi. Mchoraji anamkalia mtu masaa. Anauliza: mzee alipenda kofia gani? Mama alifunga kitambaa namna gani? Kovu hili juu ya jicho lilitoka wapi? Familia inakaa pale inabishana, inacheka, wengine wanalia. Picha ikimalizika, historia imeshasemwa mbele ya watoto.

«Dini inakataza»

Wapinzani wa pili wanastahili heshima. Kusini mwa Maniema ni nchi ya Uislamu tangu karne ya 19, wakati Kasongo ilipokuwa makao ya Tippu Tip na watu wake, na wako Waislamu wengi wasiokubali kiumbe chenye roho kichorwe na kutundikwa. Asiyetaka asilazimishwe. Uchoraji ukiletwa kwa dharau ya dini, utakufa siku ya kwanza, na utastahili kufa.

Lakini mkono unaochora uso ndio unaoandika jina. Familia isiyotaka sura inaweza kuagiza ubao wenye jina la baba, jina la babu, kijiji alikotoka, mwaka aliozaliwa na mwaka aliorudi kwa Mola wake, kwa herufi nzuri za Kilatini ao za Kiarabu. Ukumbusho ni ule ule, na kazi ya kijana ni ile ile. Wakristo nao wasijione wamemaliza. Anuarite Nengapeta, sista aliyeuawa Isiro mwaka 1964 na kutangazwa mwenye heri mwaka 1985, anapendwa na Wakatoliki kila upande wa nchi, na sura yake katika makanisa ni sura ya binti wa Kongo. Kama waamini waliweza kumpenda yeye ukutani, ni nani aliyesema katekista mzee wa Salamabila hastahili?

Na wale wanaosema kwamba kuhifadhi sura ya mtu ni desturi ya wazungu, wawaulize Babuyu. Mafundi wa Babuyu, hapa hapa Kabambare, walichonga katika mti sanamu za wankambo wao, na familia zilizitunza. Wazungu walizichukua, na leo ziko katika makusanyo ya Ulaya, zimewashwa taa na kufungiwa kioo. Wageni walijua thamani yake. Wajukuu wa mafundi wale ndio wanaoambiwa kwamba sanaa si yao.

«Kwanza chakula»

Wapinzani wa tatu ndio wenye nguvu: watu wana njaa, barabara ni mbovu, usalama ni wa kuombea, na huyu anazungumza rangi! Ni kweli, chakula kwanza. Lakini watu hao hao wa Salamabila, mtu akifa, wanachanga. Wanachanga kwa jeneza, kwa sukari, kwa wali wa matanga, kwa kikwembe kimoja cha familia nzima. Mwaka ukipita wanachanga tena. Hakuna anayewaambia kwamba heshima ya marehemu ni anasa. Sehemu ndogo ya mchango huo ikienda kwa mchoraji, kutabaki kitu baada ya wali kuliwa.

Ama gharama, zisikuzwe. Dar es Salaam, mnamo 1968, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora juu ya vibao vya hadibodi kwa rangi ya kupakia baiskeli. Hakungoja rangi za Paris, na leo mtindo wenye jina lake unajulikana dunia nzima. Ubao wa tripleksi unapatikana kwa seremala, mara nyingi kama kipande kilichobaki. Makopo manne ya rangi ya mafuta, nyeupe, nyeusi, nyekundu na njano, yakichanganywa kwa akili yanatoa rangi ya ngozi ya kila mtu wa Maniema. Kukuza picha ndogo si uchawi: picha inagawanywa kwa mistari kuwa vyumba vidogo, ubao nao unagawanywa kwa hesabu ile ile ya vyumba, na kila chumba kinanakiliwa mahali pake. Mwanafunzi wa sekondari anayejua rula anaweza kuanza leo.

Wachoraji nao waambiwe

Lawama zisiwaangukie wanunuzi peke yao. Kuna mchoraji anayemaliza uso mmoja kisha anataja bei ya Kinshasa, kana kwamba mteja wake ni balozi. Picha inabaki kwake, inakula vumbi, naye anazunguka akisema watu hawaelewi sanaa. Wanaelewa sana, ila hawana dola hizo. Bei ya sura ndogo isizidi bei ya kikwembe kizuri, na ilipwe kwa awamu: kidogo wakati wa kuagiza, kidogo picha ikianza kufanana, kingine siku ya kuichukua. Mkaaji anayelipa redio na godoro kwa namna hiyo atalipa pia sura ya mama yake.

Kuna kosa la pili, na ni baya zaidi. Ni lile la kumpausha mtu. Baba alikuwa mweusi kama makaa, anatoka kwenye ubao mwekundu kama Mhindi wa sinema, pua imebanwa, suti ambayo hakuwahi kuvaa. Mjane anashukuru kwa adabu na kuigeuza picha iangalie ukuta. Mchoraji ahifadhi makunyanzi, ahifadhi pengo la jino, ahifadhi weusi. Watu watapenda sura zilizochorwa siku watakapojitambua ndani yake, si kabla.

Na kosa la tatu ni la kuchagua. Mji huu umeona makomanda wengi, wa kila rangi ya sare, na mwenye bunduki anapenda sana kuonekana. Ni rahisi kumchora: analipa haraka, ao halipi kabisa na hakuna anayeuliza. Lakini ukuta ni heshima. Wa kwanza kuwekwa hapo wakiwa wenye silaha, watoto watajifunza kwamba hiyo ndiyo njia ya kupata sura. Watangulizwe wengine.

Kazi ya kila mmoja

Wakurugenzi wa masomo waanze. Kila shule ina mwalimu mmoja aliyefundisha miaka bila mshahara, wazazi wakimlipa kwa muhogo. Sura yake iwekwe juu ya mlango wa ofisi, karibu na ile ya Rais, Katiba haikatazi. Saa ya kuchora iliyoko katika programu ya masomo isiwe saa ya kupumzika. Watoto wachore nyuso za nkambo zao, wapewe pointi, na siku ya kutangaza matokeo michoro itundikwe wazazi waione.

Sekta, machifu na wakubwa wa kartie, kabla ya kuagiza kaliko nyingine ya kumpokea mgeni atakayekaa masaa mawili, wamlipe kijana wa hapa achore ukuta mmoja: ukuta wa soko, ao wa kituo cha afya. Wachorwe wakunga, wauza mihogo, wafukuaji waliowatoa wenzao chini ya udongo kwa mikono. Nairobi, matatu zinabeba nyuso za wanamuziki na wachezaji mpira zilizochorwa kwa mkono, na abiria wanachagua gari kwa ajili ya mchoro. Hakuna aliyewafundisha wapende. Mchoro uliwafuata barabarani, nao wakaupenda.

Makampuni na wanunuzi wakubwa wa dhahabu wanaopenda kuzungumza maendeleo ya jamii wana deni lililo wazi. Shimo likianguka, majina ya waliokufa yaandikwe na sura zao zichorwe kwa gharama ya waliofaidika na shimo hilo. Haitawarudisha. Lakini itakuwa vigumu zaidi kusema «wachimbaji watatu wamekufa» na kuendelea na kazi kesho yake, wakati watu watatu wanaangalia kutoka ukutani.

Redio za jamii nazo zifungue saa moja kwa juma: familia ilete picha iliyochorwa, mjukuu aieleze hewani, jina la mchoraji litajwe. Tshibumba alieleza historia ya nchi nzima kwa namna hiyo, mchoro baada ya mchoro, kwa Kiswahili, na ulimwengu ukasikiliza.

Hakuna haja ya kungoja jumba la makumbusho lijengwe Kindu, wala wataalamu washuke kutoka Akademia ya Kinshasa. Kijana mwenye burashi yuko, anaandika «Hapa tunauza sabuni» juu ya kibao. Mzee yuko, amekaa barazani, na hajachorwa bado. Kati yao kuna hatua chache tu. Mwenye mzazi hai amwite kijana huyo juma hili, kwa maana matanga hayatoi taarifa.